Burungu: Je, bastola ya mkono mdogo inaweza kulinda nyumba usiku?

Usiku ukiingia Burungu, kwenye barabara inayotoka Sake kupitia Kilolirwe kwenda Kitshanga, kazi ya kwanza ya mwenye nyumba ni mlango. Komeo linasukumwa, ubao unaegemezwa, watoto wanahesabiwa. Kisha linabaki swali ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini, hasa wanawake wanaolala peke yao na watoto: wakija wezi, nitajitetea na nini? Na kwa kuwa silaha zimejaa Masisi, swali la pili halikawii. Je, kuna bastola ya bei nafuu, isiyopiga teke sana, ambayo hata mtu mwenye mkono mdogo anaweza kuitumia?

Si swali la kuchekwa. Mtu ambaye mlango wake ulishawahi kuvunjwa usiku ana haki ya kuliuliza na ana haki ya kujibiwa kwa ukweli. Makala haya yanalijibu kwa hatua: kwanza bastola yenyewe na mkono unaoishika, kisha gharama, kisha sheria ya Kongo, na mwisho nyumba ya Burungu jinsi ilivyo, na kuta zake za mbao.

Nani anamlinda nani Bashali

Burungu iko katika usultani wa Bashali, wilaya ya Masisi, jimbo la Kivu Kaskazini. Ni nchi ya milima, malisho na mashamba, ambapo ng'ombe ni benki ya familia na kwa hiyo ni kitu cha kwanza mwizi anachokitazama. Tarehe 26 Januari 2023, waasi wa M23 waliingia Kitshanga, na vijiji vya barabara hiyo vikajikuta katikati ya mapigano. Tangu hapo, mistari ya vita kati ya M23 na makundi ya Wazalendo imepita mara kadhaa katika vilima hivyo, na wakaaji wamekimbia, wamerudi, wamekimbia tena.

Lakini hofu ya usiku ni ya zamani kuliko M23. Kwa miaka mingi, makundi mbalimbali yenye silaha katika Masisi, Rutshuru na Walikale yamekuwa yakitoza wakaaji kodi yenye jina ambalo kila mtu analijua: "lala salama". Unalipa franka zako, unapewa jetoni, na jetoni hiyo ndiyo ruhusa yako ya kulala bila kusumbuliwa. Asiye na jetoni anaweza kupigwa, kufungwa au kutozwa zaidi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaofuatilia Kongo wameitaja kodi hiyo katika ripoti zao.

Jina hilo linasema mengi. Mwenye bunduki anamuuzia raia usingizi ambao bunduki hiyohiyo imemnyima. Ndiyo maana mtu anafikia kuwaza kwamba afadhali awe na silaha yake mwenyewe. Basi tuichukue hiyo silaha mkononi, walau kwa maneno, tuone.

Mkono mdogo na bastola kubwa

Bastola nyingi za kijeshi na za kipolisi hazikuundwa kwa mkono mdogo. Mfano unaojulikana sana Kongo ni ile inayoitwa GP, yaani Grande Puissance, iliyotoka kiwanda cha FN huko Herstal, Ubelgiji, mwaka 1935. Inabeba risasi 13 za milimita 9 ndani ya mpini, na uzito wake unakaribia kilo moja.

Kwa mtu mwenye mkono mdogo, mambo matatu huamua kama bastola inamfaa.

La kwanza ni umbali wa kidole. Ukiishika bastola ambayo imehakikishwa kuwa tupu, mkono ukiwa umenyooka sambamba na mfupa wa kigasha, ncha laini ya kidole cha shahada inapaswa kufika kwenye kifyatulio bila kujikaza. Kama inabidi uzungushe mpini kiganjani ili kidole kifike, bastola hiyo ni kubwa kwako. Ikifyatuka, teke lake halitaingia kwenye kiganja na mkono, litaangukia mfupa wa kidole gumba, na risasi itakwenda pembeni.

La pili ni nguvu ya kukoki. Bastola nyingi za kisasa zina bamba la juu ambalo lazima livutwe nyuma ili risasi ya kwanza iingie chemba. Ndani yake kuna springi. Kuna bastola ndogo ambazo springi yake ni ngumu kuliko ya bastola kubwa, kwa sababu katika muundo wake wa zamani na rahisi, springi na uzito wa bamba ndivyo tu vinavyozuia mlipuko. Mtu huiona ndogo dukani akadhani ni nyepesi kwa kila kitu, kisha anashindwa kuikoki.

La tatu ni uzito wa kifyatulio. Katika baadhi ya bastola, mvuto wa kwanza unadai nguvu ya kilo 4 hadi 5 kwenye kidole kimoja. Kidole kifupi au chenye baridi yabisi kitatetemeka, na bastola yote itatetemeka nacho.

Teke la bastola: ndogo si lazima iwe pole

Hapa ndipo watu wengi hukosea hesabu. Wanadhani bastola ndogo ina teke dogo. Fizikia ya darasani inasema vingine. Risasi inapokwenda mbele, bastola inasukumwa nyuma kwa nguvu ileile, na kadiri bastola ilivyo nyepesi ndivyo inavyorudi kwa kasi zaidi. Risasi moja ikipigwa kwa bastola ya gramu 300 na kwa bastola ya gramu 900, ile nyepesi itarudi kwa kasi mara tatu ya ile nzito.

Tuzitazame risasi zenyewe. Ile ya milimita 9 inayotumiwa na majeshi mengi, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1900, hurusha kipande cha risasi cha gramu 7 na nusu hadi 8. Milimita 9 fupi, ambayo Wamarekani huiita .380 na ambayo ilianza mwaka 1908, hurusha kipande cha karibu gramu 6 kwa kasi ndogo zaidi, na msukumo wake ni kama theluthi mbili ya ule wa kwanza. Milimita 7.65 ya Browning, ya mwaka 1899, hurusha gramu 4 na nusu hivi. Na ile ndogo kabisa, .22, hurusha gramu 2 na nusu tu, na teke lake hata kijana mwembamba hulimudu.

Lakini weka ile 9 fupi ndani ya bastola ya mfukoni ya gramu 270 kama Ruger LCP, iliyotoka Marekani mwaka 2008, na mkono wako utachapwa vikali kuliko ungeipiga milimita 9 kamili kwa bastola nzito ya gramu 900. Hilo ndilo fumbo la mkono mdogo: bastola inayokaa vizuri kiganjani mara nyingi ndiyo inayouma, na ile isiyouma mara nyingi haishikiki.

Viwanda vimejaribu kutafuta katikati. Mwaka 2018 kampuni ya Marekani ya Smith & Wesson ilitoa bastola ya 9 fupi iitwayo Shield EZ, yenye uzito wa zaidi kidogo ya nusu kilo, ambayo bamba lake linavutwa kwa urahisi na magazini yake hujazwa bila kuumiza kidole gumba. Ilitengenezwa kwa wazee na kwa watu wenye mikono midogo au isiyo na nguvu. Mtu mwenye mkono mdogo anayeishi katika nchi yenye maduka ya silaha, viwanja vya mazoezi na leseni, akitafuta bastola nafuu isiyopiga teke, atashauriwa aanzie kwenye aina hiyo: mpini mwembamba, uzito wa wastani, risasi ya 9 fupi au milimita 9 ya kawaida ndani ya bastola isiyo nyepesi mno, na aijaribu mwenyewe kiwanjani kabla ya kutoa pesa.

Huo ndio ushauri wa kiufundi, na ni wa kweli. Sasa tuupeleke Burungu.

Bei si ile ya bastola peke yake

Huko Marekani, bastola kama hiyo ilitangazwa kwa bei ya karibu dola 400. Kwa mkulima wa viazi na maharagwe wa Masisi, hizo ni pesa nyingi. Na hata angezipata, bei ya bastola ni mwanzo tu.

Bastola bila mazoezi ni chuma. Anayepiga risasi 50 kwa mwezi, na hicho ni kiasi kidogo, atahitaji risasi 600 kwa mwaka. Kisha anahitaji mahali pa kuzipigia bila kuua mtu wala kuamsha kambi. Katika vilima vya Bashali, mlio mmoja tu wa risasi huwafanya wanawake wabebe watoto na kuingia barabarani. Huwezi kwenda shambani ukafanya mazoezi ukarudi kula ugali kana kwamba hakuna kilichotokea. Mtu wa Burungu mwenye bastola angepiga risasi yake ya kwanza usiku uleule wa hatari, gizani, moyo ukimdunda, bila kujua bastola inarudije mkononi.

Halafu kuna kisanduku. Nyumba yenye watoto na bastola inahitaji kisanduku cha chuma chenye kufuli. Bastola ikifungiwa vizuri, haitatoka upesi wezi wakigonga. Ikiachwa chini ya mto, itatoka upesi, lakini mtoto wa miaka minne naye anajua chini ya mto wa mama kuna nini. Familia ya watu saba inayolala katika vyumba viwili haina mahali pa siri.

Sheria inasema nini

Kongo haikuacha jambo hili wazi. Sheria ya silaha na risasi, namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, inadai kibali cha serikali kwa raia anayetaka kumiliki silaha ya moto. Bila kibali, kuwa nayo ni kosa, hata kama hujawahi kuifyatua.

Sheria ya mahakama za kijeshi, namba 023 ya tarehe 18 Novemba 2002, inaongeza jambo ambalo raia wengi hawalijui. Raia anayetenda kosa kwa kutumia silaha ya kivita anaweza kupelekwa mbele ya hakimu wa kijeshi, ingawa hajawahi kuvaa sare. Na Kivu Kaskazini imekuwa chini ya utawala wa kijeshi, ile inayoitwa hali ya dharura au "état de siège", tangu tarehe 6 Mei 2021.

Nje ya mipaka yetu pia kuna mapatano. Kongo ni miongoni mwa nchi zilizotia sahihi Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004 kuhusu silaha ndogo ndogo na nyepesi katika Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika. Itifaki hiyo inataka raia wakatazwe kabisa kumiliki bunduki za kivita, na silaha nyingine zote za raia ziwe na leseni na alama.

Kenya inaonyesha jinsi leseni hiyo inavyofanya kazi mahali ambapo ofisi ipo na inafunguliwa. Huko, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, raia anaomba cheti kwa bodi ya leseni, anachunguzwa, anatakiwa aonyeshe sababu ya kutosha, na cheti kinaweza kukataliwa au kunyang'anywa. Mwanamke wa Nairobi mwenye mkono mdogo anayepata cheti anaweza kwenda dukani, akashika bastola tatu au nne, akachagua, na polisi wakajua namba ya silaha yake.

Mwanamke wa Burungu hana mlolongo huo. Mahali ambapo wenye silaha wamebadilishana utawala mara kadhaa, kibali kilichotolewa na upande mmoja kinaweza kuwa ushahidi wa usaliti mbele ya upande mwingine. Kwa hiyo bastola anayoweza kuipata ni ile ya kichochoroni, isiyo na karatasi, isiyojulikana imeua wangapi, na muuzaji wake ni mtu yuleyule ambaye anajua sasa kwamba nyumba hiyo ina silaha na ina pesa.

Bastola inavyogeuka kuwa chambo

Hapa ndipo hatari kubwa ilipo, na haimo katika vitabu vya bastola.

Masisi, silaha ni mali. Mwenye ng'ombe huviziwa kwa ajili ya ng'ombe, na mwenye silaha huviziwa kwa ajili ya silaha. Habari kwamba mama fulani ana bastola haikai ndani ya nyumba yake. Mtoto atamwambia mwenzake, fundi aliyetengeneza mlango ataiona, shemeji atalewa na kuisema. Kundi likisikia, litakuja kuichukua, na halitakuja na fimbo.

Kuna pia msako. Upande wowote unaoingia kijijini hupekua nyumba ukitafuta wapiganaji waliojificha. Jembe na panga havimshangazi anayepekua, kwa kuwa ni vyombo vya shamba. Bastola moja ndani ya gunia la maharagwe inatosha kumfanya baba aitwe mwasi, mama aitwe mpelelezi, na kijana aondoke na kamba mikononi. Kueleza kwamba ilikuwa ya kujilinda na wezi hakutasaidia.

Na kuna barabara. Mwaka 2017 shirika la utafiti la IPIS lilihesabu vizuizi 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, vingine vya askari wa serikali, vingine vya makundi. Watu wa Burungu wanajua kukimbia ni nini: kuelekea Mweso, kuelekea Sake na Goma, wengine kuvuka milima kwenda upande wa Walikale, ambako vita navyo vilifika hadi mjini kati mnamo Machi 2025. Anayekimbia hupita barieri baada ya barieri, na kila barieri inafungua mizigo. Bastola uliyoinunua ili ikulinde nyumbani, utaifanya nini siku ya kukimbia? Ukiibeba, ni hatari kwako. Ukiizika, atakayeichimbua ni mtoto wa mtu au mwizi wa kesho.

Ukuta wa mbao hauzuii risasi

Tuseme yote hayo yametatuliwa. Kibali kipo, bastola ni ya saizi yako, mazoezi umefanya. Bado kuna nyumba.

Nyumba nyingi za vijiji vya Masisi ni za mbao, au za miti na udongo, chini ya mabati au nyasi. Katika kambi za wahami, ukuta ni turubai. Risasi ya bastola ya milimita 9 inatoka mdomoni mwa bastola kwa kasi ya mita 350 hivi kwa sekunde. Ubao wa nyumba hauisimamishi. Itapita ubao wako, ikavuka uani, ikaingia ubao wa jirani, na jirani naye amelala na watoto wake upande huohuo. Hata ile 9 fupi inapita. Ukikosa mwizi, na gizani wengi hukosa, hujui umempiga nani mpaka usikie kilio.

Upande wa pili, anayekuja kwa kawaida hana bastola. Ana Kalashnikov, na haji peke yake. Risasi ya bunduki hiyo ina uzito wa karibu gramu 8, sawa na ya bastola, lakini kasi yake ni zaidi ya mita 700 kwa sekunde, na magazini yake ya kawaida ina risasi 30. Ukuta uleule wa mbao usioweza kumlinda jirani na risasi yako hauwezi kukulinda wewe na risasi zao. Ukipiga mara moja kutoka ndani, umewaonyesha ulipo. Mwizi aliyekuja kuchukua simu, unga na mbuzi anaweza kuondoka navyo akakuacha hai. Aliyepigiwa risasi atajibu kwa magazini nzima, na atakayejibiwa ni nyumba yote.

Hayo hayamaanishi kwamba kila anayevamiwa akae kimya. Yanamaanisha kwamba katika nyumba ya mbao, mbele ya watu watatu wenye bunduki, tofauti kati ya bastola inayokaa vizuri mkononi na isiyokaa ni ndogo sana.

Kinachowezekana usiku wa leo

Kitu kinachoweza kumsaidia mama wa Burungu mwenye mkono mdogo kinapaswa kuwa na sifa zilezile alizozitafuta kwenye bastola: kiwe cha bei nafuu, kisihitaji nguvu, na kishikike. Vitu hivyo vipo.

Mlango. Mwizi anataka haraka. Mlango wa mbao nene wenye makomeo mawili, moja juu na moja chini, na bawaba zilizofungwa kwa ndani, hauvunjwi kwa teke moja. Ubao mzito unaopita mlango kwa upana, ukishikwa na vyuma viwili vya ukutani, huongeza dakika. Na dakika ndizo mwizi asizozipenda, kwa sababu katika dakika hizo kijiji kinaamka. Dirisha la nyuma lisisahaulike.

Filimbi. Katika mitaa ya Bukavu na Goma, wakaaji kwa miaka mingi wameamshana kwa filimbi na kwa kugonga masufuria wezi wanapoingia mtaani. Filimbi inatosha mkono wa mtoto, haidai kibali, na anayeikuta kwenye barieri hakuulizi ulikoitoa. Inafanya kazi tu kama watu wamekubaliana kabla: mlio gani ni wa mwizi, mlio gani ni wa moto, nani anajibu kwanza, nani anabaki na watoto. Filimbi ya nyumba moja isiyojibiwa ni kelele tu.

Mbwa na bati. Mbwa wa uani hutoa habari mapema kuliko sikio la mtu. Makopo yaliyofungwa kwenye kamba kando ya uzio hugharimu jioni moja ya kazi.

Kutokuwa na cha kuchukua. Mauzo ya ng'ombe au ya mavuno yasilale nyumbani kama yanaweza kulala kwingine, na habari zake zisitembee sokoni. Wezi wengi wa usiku huja kwa habari ya mchana.

Mahali pa kujificha. Kila mtoto ajue kulala chini, kifudifudi, mbali na mlango, na nyuma ya kitu kizito kama mawe ya msingi au magunia yaliyojaa, siyo nyuma ya ubao. Na ajue pa kukimbilia nyumba ikiwa tupu.

Njia hizi nazo zina mipaka, na ni lazima isemwe. Filimbi haimzuii mtu mwenye bunduki aliyeamua kuua. Vijana wa ulinzi wa usiku wanaweza kushukiwa na kundi fulani kuwa wapelelezi wa kundi lingine, kwa hiyo hawafai kutembea bila mkubwa wa kijiji na viongozi wa shirika la raia kujua majina yao na njia zao. Na kijiji kilichoamka kwa hasira kinaweza kumpiga mtu mpaka kumuua kabla ya kujua kama ni mwizi au mpita njia aliyepotea. Anayekamatwa afungwe, asiuawe. Kuchoma mtu moto ni kosa la jinai hata kama aliiba kweli, na kesho anaweza kuchomwa mwanao kwa kushukiwa tu.

Jambo la mwisho ni kwa wazazi. Katika sehemu zilizopitiwa na mapigano, watoto hukuta masasi, magazini na hata guruneti mashambani na kando ya vijito. Wasiziguse, wasizilete nyumbani, wasizirushe kwenye moto. Waweke alama mbali kidogo na mahali hapo, kisha wamwambie mtu mzima apeleke habari kwa viongozi wa kijiji, ili wataalamu wa kutegua waitwe.

Deni la nani

Raia anayeuliza bastola gani inafaa mkono wake anakuwa tayari amekata tamaa na wale ambao ni kazi yao kumlinda. Hilo halipaswi kuzoeleka. Katiba ya Kongo, ya tarehe 18 Februari 2006, inaiwekea serikali wajibu wa usalama wa watu na mali zao, na kundi lolote linaloshika eneo na kulitoza kodi limejitwika mzigo huo mbele ya wakaaji. "Lala salama" inalipwa, lakini usalama wenyewe haujafika Bashali.

Mpaka ufike, bastola ya gramu 500 yenye springi laini itabaki kuwa jibu zuri kwa swali la mahali pengine, penye leseni, kuta za matofali na polisi wanaopokea simu. Kwa Burungu, pesa hiyo ni bora iende kwenye mbao za mlango, makomeo, na filimbi za nyumba kumi zinazopakana. Anayetaka kuanza, aanze na majirani: wakubaliane mlio wa filimbi kabla jua halijazama.